Lori la Chumvi

Barua haikuwa barua. Ilikuwa mistari minne
kwenye simu, saa kumi na dakika ishirini jioni,
na Heledd ameshika uma, hajaanza kula.
Wanasikitika, walisema. Kisha wakashukuru.
Sijui walikuwa wanashukuru nini.

Mama yake alizima redio.
Mwaliko haukuja kutoka huko waliko,
na sisi huku tuliko, Blaenau,
chini ya vifusi vya mawe ya kuezekea,
tulikaa kama watu waliosikia hodi
kumbe ni mlango wa jirani.

Na kweli ulikuwa wa jirani. Iolo aliitwa.
Mtoto mzuri, hana neno, tangu chekechea wanagawana penseli.
Heledd alivuka barabara kumpongeza,
soksi tupu kwenye mvua ya Desemba,
akarudi, akasema, "Amefurahi sana,"
akapanda ngazi.
Ngazi zetu hulia kila mtu akipita.
Siku ile sikuzisikia.

Watu hawakosi maneno.
Bibi yake alisema kila jambo lina sababu yake.
Mwalimu alisema vyuo viko vingi.
Mjomba Emyr alisema wale huchagua kwa lafudhi,
akapiga meza, chai ikamwagika.
Mimi nilitafuta langu siku mbili, nikapata hili:
kukosa si kosa.
Akanitazama. "Baba, hilo ni neno lile lile,
umelikata kichwa tu."

Koti la usaili lilining'inia nyuma ya mlango,
la kijivu, tulilinunua Llandudno, lebo bado iko.
Risiti ninayo. Siku ishirini na nane za kurudisha.
Kila asubuhi nilihesabu,
kila asubuhi sikulirudisha.

Ikafika tarehe tisa, siku ambayo angekuwa kule
mbele ya watu watatu na jagi la maji.
Redio ilitangaza barafu mlimani.
Saa tisa usiku natafuta funguo za lori la halmashauri,
namwona chini ya ngazi,
viatu vya mama yake, koti la kijivu,
lebo inacheza kwenye mkono.
"Nakuja."
Abiria ni marufuku, imeandikwa kwenye kioo.
Nilimfungulia mlango.

Tulipanda. Chumvi ilimwagika nyuma yetu
kwa sauti ya mchele kwenye ungo.
Kwenye kona ya kwanza nilikohoa kiprofesa,
nikauliza: "Mwombaji, kwa nini chumvi inashinda barafu?"

Kimya hadi kona ya tatu.
Kisha akasema maji yakipoa hutafutana,
kila chembe inataka kushika mkono wa mwenzake,
na chumvi inaingia katikati kama mgeni asiyeketi,
inavuruga safu, wanashindwa kujipanga.
Aliongea kwa mikono. Kioo kilifunga ukungu.
Nusu sikuielewa, nikamwambia aendelee.
"Na baridi ikizidi?"
"Ikizidi sana, chumvi nayo inashindwa.
Hapo hata wewe, Baba, kalale."

Nilicheka. Yeye pia alianza kucheka,
lakini kicheko kilimgeukia njiani.
Tulikuwa juu kabisa, pale ninapogeuzia lori.
Sikugeuza.
Sikusema kitu, safari hii sikutafuta hata la kusema.
Niliacha injini ikiunguruma, kipasha joto hadi mwisho,
nikatazama mbele, kwenye theluji iliyokuwa inakuja
kidogo kidogo ndani ya mwanga wa taa,
mpaka akafuta pua kwa mkono wa koti
na kusema, "Barabara ya Dolwyddelan bado."

Asubuhi msimamizi alipiga simu.
Pale juu, alisema, kuna kilima cha chumvi
kinachofika magotini. Kimetokea wapi?
Nikamwambia nilisahau kufunga mlango wa nyuma.
Nilisimama kidogo.